Ua Mbele ya Hadubini: Mhadhara juu ya Kukaza, Kukata na Kutia Rangi Viungo vya Uzazi vya Mimea



Mwezi wa Agosti mwaka 1898, katika mkutano wa wataalamu wa maumbile uliokusanyika mji wa Kiev, alisimama mwalimu wa elimu ya mimea aitwaye Sergei Nawaschin akawaarifu wenziwe jambo ambalo hakuna aliyelitangaza kabla yake. Ilikwisha julikana ya kuwa chembe ya chavua, ikitua juu ya ua, huota mrija, na ya kuwa mrija huo huteremka mpaka ndani ya ovuli, yaani kijifuko kitakachokuwa mbegu, ukiwa umechukua viini viwili vya kiume. Lakini kiini kimoja tu ndicho kilichojulikana kazi yake, nayo ni kuungana na yai, ilhali kile cha pili kilidhaniwa kuwa hupotea bure. Nawaschin alisema hakipotei. Katika yungiyungi la Ulaya liitwalo Lilium martagon, na katika jamaa yake Fritillaria, alikiona kile cha pili kikiungana na viini vilivyo katikati ya mfuko wa kiinitete, na muungano huo ndio uzaao akiba ya chakula itakayoulea mche mchanga. Mwaka uliofuata Léon Guignard wa Ufaransa akatoa picha zake, zikathibitisha hayo. Basi sisi tulioketi hapa, tukila ugali wa mahindi, au wali, au mkate wa ngano, au tukikuna nazi na kunywa maji ya dafu, chakula chetu hasa ni matunda ya muungano huo wa pili.

Jambo la kutia fikira ni kwamba yungiyungi lile halikuwa geni. Guignard mwenyewe alikuwa amelichunguza na kuandika habari zake miaka kadhaa kabla ya mkutano wa Kiev, na wataalamu wengine wa Ulaya walikwisha likata na kulichora mara nyingi. Lakini tendo lenyewe ni la kitambo kidogo: kabla ya saa yake hakuna cha kuonekana, na baada ya saa yake kimekwisha, na ovuli iliyochumwa kwa saa isiyokuwa yake haitamwambia mtu neno hata akiwa na hadubini ya thamani kubwa namna gani. Huu ndio msingi wa yote nitakayosema leo. Watu wengi wakisikia habari ya hadubini huuliza inakuza mara ngapi. Swali hilo si baya, illa ni la mwisho. Anachokitazama mtaalamu chini ya lenzi si ua. Ni kazi ya mikono, iliyotengenezwa kutokana na ua, na katika kuitengeneza kuna kitu kilichohifadhiwa na kuna kitu kilichopotezwa kwa makusudi. Na asiyejua amepoteza nini hana haki ya kusema ameona nini.

Nianze na mahindi, kwa kuwa hayo yako mlangoni mwa kila mmoja wetu, na kwa kuwa kazi yake haihitaji mashine. Tukitaka kuona jinsi kromosomu zinavyojipanga na kugawanyika katika kutengenezwa kwa chavua, hatuna haja ya kungoja mbelewele itokeze juu ya mmea; ikisha tokeza na kutikisika kwa upepo tumekwisha chelewa, maana mgawanyiko huo hupita wakati mbelewele ingali imefungwa ndani ya majani yaliyojiviringisha. Mwenye kuzoea huushika mmea chini ya majani ya juu, akapapasa kwa vidole mpaka akahisi mahali palipovimba na kulegea, kisha akapasua jani kwa wembe mkali kwa urefu wake, akachomoa tawi moja la mbelewele, akalifunga jani tena kwa utepe, na mmea ukaendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotendeka. Kazi hii aghalabu hufanywa asubuhi, na tawi lile halitiwi mfukoni wala halichukuliwi mjini. Linatumbukizwa papo hapo shambani katika kichupa cha dawa, nayo ni spiriti safi sehemu tatu na asidi ya asetiki isiyotiwa maji sehemu moja. Chupa ndiyo iendayo shambani. Ua lisije mjini likiwa hai. Katika muda wa njia, seli iliyokatiwa maji hujila yenyewe kwa vimeng'enya vyake, na kile tulichokitafuta hugeuka uji.

Dawa hiyo naiita dawa ya kukaza, kwa sababu huiua seli kwa ghafula na kukaza kila kitu mahali kilipokuwapo wakati wa mauti. Baada ya muda wa saa 24 hivi, tawi huhamishiwa katika spiriti ya asilimia 70 na kuwekwa mahali pa baridi, na hapo laweza kungoja.

Sasa litazameni tawi lenyewe kwa karibu. Limepangwa visuke, na kila kisuke kina viua viwili, kimoja juu na kimoja chini, na kila kiua kina vyavuo vitatu, yaani vifuko vitengenezavyo chavua. Kiua cha juu hutangulia kukomaa, na cha chini hufuata nyuma yake. Bali vile vyavuo vitatu vya kiua kimoja huenda pamoja, kama si sawasawa basi karibu na sawasawa. Neema iliyoje! Maana yake ni kwamba mtafiti aweza kutoa chavuo kimoja akakipima, na akiona kimefika penye saa anayoitaka, anavyo ndugu zake wawili waliosalia wa kutengenezea slaidi nzuri. Na akiona kimekwisha pita saa hiyo, anajua atazame kiua cha chini, na akiona bado ni kichanga, anapanda kisuke kingine kilichotangulia. Hakuna mmea ninaoujua ambao unamhurumia mwanafunzi kiasi hiki.

Chavuo huwekwa juu ya kioo, likadondoshwa tone moja la karmini iliyochemshwa katika asidi ya asetiki ya asilimia 45 na kuchujwa. Karmini ni rangi nyekundu itokayo kwa wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate, asili yao Amerika, na ilikuwa rangi ya nguo za wakubwa kabla haijawa rangi ya maabara. Chavuo hukatwa kwa wembe na kukamuliwa kwa sindano ili seli mama za chavua zimwagike ndani ya rangi, na maganda yote yaokotwe na kutupwa, hata kipande kidogo kabisa, kwa sababu ganda moja likibaki litakiinua kigae cha kioo kitakachowekwa juu na seli hazitabanika. Na sindano itumikayo iwe ya chuma, hata ikiwa ina kutu kidogo haidhuru. John Belling, aliyeeleza njia hii katika mwaka 1921, alionyesha ya kuwa chembe ya chuma huifanya karmini ishike kromosomu kwa weusi zaidi. Kisha kigae cha kioo huwekwa juu, slaidi ikapitishwa juu ya mwali wa taa ya spiriti ipate joto bila ya kuchemka, ikafunikwa kwa karatasi ya kukaushia wino, ikabanwa kwa kidole gumba moja kwa moja kwenda chini. Kidole kisiteleze upande. Kikiteleza, seli hujiviringisha kama vipande vya uzi na kazi ya asubuhi nzima ikaharibika.

Kwa rangi hiyo ya karmini, Barbara McClintock wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alizipambanua katika mwaka 1929 kromosomu 10 za mahindi moja moja, kwa urefu wake na kwa umbo lake, akizitazama katika chembe changa za chavua. Bibi huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1983 kwa uvumbuzi mwingine alioupata katika mahindi hayo hayo. Nawaomba walimu wa shule walifikirie jambo hili kabla ya kuniambia ya kuwa hawana vifaa. Zaidi ya hadubini na dawa, vinavyotakiwa ni wembe, sindano, taa ya spiriti, karatasi ya wino, na shamba la mahindi nyuma ya darasa.

Upande wa kike wa ua una tabia nyingine. Chavuo hupondwa na chembe zake zikatoka; bali mfuko wa kiinitete umezikwa ndani ya ovuli, na ovuli ndani ya ovari, na ukiponda umeharibu mpangilio wote ambao ndio uliokuja kuutazama. Yai liko upande wa tundu dogo linalopitisha mrija, pamoja na wenzake wawili; viini viwili vya katikati viko katikati; seli tatu ziko upande wa pili. Katika mimea iliyo mingi jumla yake ni viini 8 katika seli 7, na maana ya kila kimoja inatokana na mahali kilipo. Kwa hiyo hapa sharti ovari ikatwe vipande vyembamba sana, na ili ikatike sharti ikazwe, inyang'anywe maji yake, na ijazwe nta.

Dawa ya kukaza iliyozoeleka kwa kazi hii ni spiriti ya asilimia 50 au 70, sehemu 90, asidi ya asetiki sehemu 5, na formalini sehemu 5. Mchanganyiko huu una hikma yake. Spiriti peke yake huifanya tishu inywee na kukunjamana. Asidi ya asetiki peke yake huivimbisha. Zikiwekwa pamoja, kila moja humzuia mwenziwe asivuke mpaka. Formalini huzifunga protini zikae mahali pake. Dawa iwe nyingi, yapata mara kumi ya ukubwa wa kile kilichotiwa ndani, kwa sababu maji yatokayo katika ua huipunguza nguvu. Na ovari kubwa ikatwe ncha zote mbili dawa ipate njia. Mvuke wa formalini hudhuru macho na mapafu, basi kazi ifanyike penye hewa ipitayo, wala mtu asiinamie chupa kunusa kama anusavyo marashi.

Adui wa kwanza ni hewa. Maua yamevikwa ngozi yenye nta, na mengine yana malaika, na hewa iliyojificha kati ya petali huyafanya yaelee juu ya dawa bila ya kulowa. Penye maabara iliyokamilika hutumiwa pampu ya kufyonza hewa. Pasipo na pampu, chukueni bomba la sindano la hospitali lisilo na sindano, tieni ua na dawa ndani yake, zibeni tundu kwa kidole, kisha vuteni mti wa bomba kwa nguvu: mtaona viputo vikitoka katika ua, na mkiachia, ua litazama. Ua lililozama limeingiwa na dawa. Ua linaloelea bado lina hewa, na ndani yake linaoza.

Katika kunyang'anya maji haifai kufanya haraka. Ovari huhamishwa kutoka spiriti ya asilimia 50 kwenda 70, kisha 85, kisha 95, kisha spiriti isiyo na maji kabisa, na kila kituo hupewa saa zake. Kutoka hapo huingia katika zailini, ambayo hupatana na spiriti upande mmoja na nta upande wa pili. Zailini ikigeuka kuwa kama maziwa, maji yangaliko, na dawa yake ni kurudi nyuma, si kusonga mbele. Nta ya parafini inayoyeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 58 hutiwa kidogo kidogo ndani ya tanuri lenye joto linalozidi hapo kidogo tu, kwa sababu joto likizidi sana ovari huwa ngumu na wembe hauipendi.

Juu ya mikrotomu, yaani mashine ya kukatia vipande hivyo, sitasema mengi, kwani mashine hii hufahamika vizuri zaidi kwa kuishika kuliko kwa kuisikia. Hukata vipande vya mikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita moja, na kila kipande hushikamana na mwenziwe kikawa utepe mrefu wa nta. Linalopasa kukumbukwa ni hesabu: mfuko wa kiinitete wenye urefu wa mikromita 100, ukipitiwa na kisu kwa upande wa upana wake, umegawanywa katika vipande kumi, na yai liko katika kimoja, na viini vya katikati katika kingine; ukipoteza utepe mmoja, au ukaubandika kinyume, umepoteza pengine kile kile kilichokuwa kikitafutwa. Ndiyo maana tepe hupangwa kwa taratibu juu ya kioo, kushoto kwenda kulia, mstari chini ya mstari. Kadhalika upande wa kukatia hufikiriwa kabla ya nta kuganda. Katika yungiyungi, ovuli zimelala kwa upana ndani ya ovari, hata ikawa anayetaka kuzipata ovuli kwa urefu wake sharti aikate ovari kwa upana wake, na mwanafunzi asiyeambiwa hukata kinyume na kulalamika ya kuwa ua lake halina yai.

Cha kubandikia vipande juu ya kioo ni ute mweupe wa yai la kuku uliochanganywa na gliserini kiasi sawasawa, njia iliyotolewa na Paul Mayer huko Naples katika mwaka 1883 na ambayo haijapata kushindwa kwa urahisi wake. Ya kutia rangi yamejaa katika vitabu: safranini na kijani, moja ikashika viini na kuta ngumu na nyingine ikashika yaliyobaki, au hematoksilini, itokayo katika moyo wa mti wa Campeche, ambayo hushika kromosomu kwa weusi wa wino ikisaidiwa na chumvi ya chuma. Kisha zeri ya Kanada na kigae, na slaidi ilazwe tambarare mpaka ikauke.

Yuko atakayeuliza kama hakuna njia fupi ya kuiona ovuli bila ya nta wala kisu. Ipo, na inatuhusu sisi watu wa pwani zaidi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani J. M. Herr alieleza mchanganyiko wa vitu vitano wa kuing'arisha ovuli nzima hata mwanga upite ndani yake: asidi ya laktiki, klorali haidreti, fenoli na mafuta ya karafuu, kila kimoja kwa uzito sawa, na zailini nusu ya uzito huo. Mafuta ya karafuu hayakutiwa kwa harufu yake. Mwanga unapopita ndani yake hupinda karibu sawa na unavyopinda ndani ya kioo, na tishu iliyolowa mafuta hayo huacha kuutawanya mwanga, ikang'aa, na mfuko wa kiinitete ukaonekana ndani ya ovuli bila ya kukatwa. Watengenezaji wa slaidi waliyatumia mafuta hayo kwa kung'arishia tangu zamani, kabla ya Herr, na wakati huo karafuu nyingi za dunia zilikuwa zikitoka Unguja na Pemba. Yamkini mkulima wa Pemba aliyekuwa akianika karafuu zake juu ya majamvi hakuwa na habari ya kuwa sehemu ya mavuno yake ingeishia chini ya lenzi za vyuo vikuu. Fenoli huunguza ngozi, na klorali ni dawa ya kuleta usingizi isiyouzwa kwa kila mtu. Kwa hiyo mchanganyiko huu ni wa maabara iliyo na msimamizi.

Na karafuu yenyewe je? Karafuu ni ua lililochumwa kabla ya kufunuka, na kwa hiyo ni kiungo cha uzazi kilicho kamili: sehemu ya chini iliyo ndefu, ambayo ovari yake yenye vyumba viwili imekaa karibu na juu, meno manne ya kikombe cha ua, petali zilizofungana zikawa kichwa cha mviringo, na chini ya kichwa hicho stameni nyingi zimejikunja zikingoja siku ambayo mchumaji hataziachia ziione. Chini tu ya ngozi yake kuna vifuko vya mafuta vilivyopangwa safu mbili tatu. Ovari ya karafuu mbichi, ikipitishwa katika njia yote niliyoieleza, hukatika vizuri na ovuli zake huonekana. Lakini vile vifuko vya mafuta hutokea vikiwa vitupu, duara nyeupe zilizopangika kandokando, kwa sababu spiriti na zailini zimeyayeyusha mafuta yote na kuyachukua pamoja na maji. Kitu kilichoifanya karafuu ipandwe, ilindwe, itozwe ushuru na ivushwe bahari, hakimo katika slaidi.

Mtu aliyeletewa slaidi hiyo pasipo maelezo ataandika ya kuwa karafuu ina matundu ya hewa, na hataambiwa kuwa ni mwongo, kwani ameandika alichokiona. Mwenye kuyataka mafuta hukata karafuu mbichi kwa mkono, kwa wembe mpya, ameibana kati ya vipande viwili vya karoti, akakitia kipande katika tone la maji tupu: hapo ataona matone ya mafuta yaking'aa ndani ya vifuko, na mengine yakitoka kuelea. Lakini katika kipande hicho kinene, kilichokatwa kwa mkono, hataziona ovuli kwa ubainifu.

Juu ya meza iliyo upande wa dirisha kuna hadubini tatu. Ya kwanza ina chavuo cha mahindi kwa karmini. Msiisogeze slaidi, kwa kuwa seli iliyo katikati imetafutwa kwa taabu. Ya pili ina ovari ya karafuu iliyopitishwa katika nta, na ya tatu ina karafuu mbichi iliyokatwa asubuhi hii, ambayo mtaitazama mwanzo kabla maji hayajakauka, kisha mtarudi kwenye ile ya pili. Kila slaidi imebandikwa karatasi yenye jina la mmea, tarehe na saa ya kuchumwa, na dawa iliyotumika kukazia. Someni karatasi kwanza, ndipo muweke jicho.